Bakteria Walioshiba

Jina lake lipo kwenye kitambulisho anachoning'iniza shingoni, lakini pale kazini halina kazi. Wote wanamwita Bi Subiri, na kwa jina hilo hakuonewa. Kwa miaka mingi kila aliyegonga mlango wa maabara ya vyakula kuulizia majibu ya sampuli yake, awe dereva, mkaguzi au mwenye shamba aliyekuja amekunja uso, alipewa neno moja lile lile, kwa upole, na mwenye kulisema hata macho hakuyainua kutoka kwenye visahani vyake. Subiri. Wengine waliondoka wakisonya. Yeye aliendelea na kazi.

Na hakuwa akiringa. Bakteria wa kudhuru wakiwa kwenye jani la saladi huwa wachache mno, wamejichanganya na maelfu ya wengine wasio na neno na mtu, na huwezi kuwatambua hata ukikodoa macho mpaka yaume. Inabidi jani ulitie kwenye maji yenye virutubisho, ambayo watu wa maabara huyaita supu, uyaweke kwenye joto la kadiri mpaka kesho yake ili waliomo wale, wazaane. Kisha unachukua tone la supu unalipaka kwenye kisahani chenye chakula kilichoganda kama jeli, unangoja tena waote vidoa. Kidoa chenye rangi ya kutia shaka unakipanda upya, unakihoji upya, mpaka kikiri. Hapo ndipo unaandika jibu. Na siku jibu linapotoka, saladi imeshaliwa zamani na sahani zimeshaoshwa.

Mtu asidhani aliingia pale amevaa koti jeupe. Aliingia na ndoo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha chupa na mirija ya kioo, na aliiosha kwa namna ambayo mkuu wa maabara wa wakati ule alikuwa akiwaonyesha wageni. Jioni alisoma, kwa ubishi zaidi kuliko kwa nafasi, maana alikuwa na mume, watoto, na mama mkwe aliyeamini kwamba kusomea bakteria ni kutafuta maradhi kwa makusudi. Akafaulu, akarudi darasani, akafaulu tena. Alipopewa meza yake mwenyewe alikuwa anakijua chumba kile kama jiko la nyumbani kwake, hata friji ipi inadanganya joto na mlango upi hautaki funguo bali kusukumwa kwa nyonga.

Sifa yake kubwa ilikuwa kulea bakteria. Maabara yoyote huhitaji bakteria wa kufugwa, wa kujaribia vipimo, na wa Bi Subiri waliota kwa wakati, wanono, wote sawasawa. Maabara nyingine zilimwandikia kuomba mbegu. Alijua supu ipi wanaipenda, alijua saa ya kuwahamisha kabla hawajachoka, na aliwachungulia asubuhi kabla hajamsalimia mtu. Wenzake walimtania kwamba vijidudu vyake vinakula vizuri kuliko mumewe. Mumewe, fundi rangi mwenye mwili wa ufito, alipousikia utani huo alisema haoni utani uko wapi.

Basi maisha yalikuwa hivyo, ya kawaida na ya kuridhisha, mpaka mwaka ule wa saladi.

Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ni muuzaji wa mboga kwa jumla kwenye soko kuu la mji, na ndiye mwenyekiti wa wauzaji wenzake. Walimchagua kwa sababu ya mdomo wake, na hawajajuta. Mwanamke huyu hakuwahi kuja nyumbani kwa kaka yake mikono mitupu. Siku moja alikuja na saladi, mbichi, imejikunja vizuri, na akamwekea fungu lake peke yake kitindamimba wa nyumba, binti aliyekuwa na tabia ya kutafuna majani matupu matupu huku akifanya kazi za shule, kama wenzake wanavyotafuna biskuti. Bi Subiri aliyaosha majani yale mwenyewe, akarudia. Bakteria wa aina ile hawatoki kwa kuoshwa, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika mtaa. Lakini mtu akiwa jikoni kwake huwa ni mama, si mtaalamu, na saladi ilikuwa imetoka kwa wifi.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo sampuli ya mzigo uliotoka saladi ile ilikuwa imefikishwa kwenye meza yake. Akaitia kwenye supu, akaandika namba, akangoja kama alivyozoea kungoja.

Jibu lilipoiva, mtoto alikuwa wodini, ameharisha damu siku kadhaa, sumu ya bakteria imezigomesha figo, anachujwa damu kwa mashine. Bi Subiri alikuwa amemwachia mumewe zamu ya kukaa kando ya kitanda ili apite kazini mara moja. Alifungua kabati la joto, akatoa visahani, akaviona vidoa. Aliisoma namba ya mzigo, akaisoma tena. Kisha akampigia simu daktari wa watoto, akamweleza kwa sauti ya kazini ni bakteria gani hasa anaopambana nao, akakata simu, na akarudi wodini.

Mtoto alipona, tusimtie msomaji presha bure. Alipona kwa kupona huko kwa watu wa figo, ambako kuna kliniki, kuna dawa za kila asubuhi, kuna vitu vya kutokula, na kuna jioni ambazo anarudi kutoka shuleni analala na viatu. Watu walimpa Bi Subiri pole na wakadhani ana huzuni. Huzuni ilikuwapo, lakini kilichomjaa kifuani kilikuwa hasira. Alikasirikia muda. Jibu lilikuwa mikononi mwake tangu asubuhi ya kwanza, na alichoweza kumwambia mwanawe ni kile kile alichowaambia madereva.

Kuhusu wifi, hakuna aliyemlaumu, na labda hilo ndilo lililoharibu. Angelaumiwa angejitetea, mambo yakaisha. Badala yake alianza kuja kwa nadra, akikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa posa, na neno saladi likawa halitamkwi tena katika nyumba ile. Aliuliza hali ya mtoto kwa kumpitia kaka yake. Bi Subiri aliliona, likamuuma, na hakujua aanzie wapi.

Alichojua kuanza ni kazi. Kwenye jengo la pili, katika chumba kilichokuwa stoo, kulikuwa na mkemia kijana aliyeajiriwa kutengeneza vipimo vya haraka, na ambaye watu wengi walidhani anacheza na karatasi. Alikuwa ametengeneza kijikaratasi chembamba kama kijiti cha aiskrimu. Unaloweka jani kwenye supu asubuhi, mchana unachovya kijikaratasi, maji yanapanda polepole, na mstari unajitokeza. Mstari mmoja, salama. Miwili, hatari. Alasiri ya siku hiyo hiyo muuzaji ana jibu lake. Bi Subiri aliingia chumba kile bila kubisha hodi, akauliza maswali mpaka mkemia akasahau kula, na alipotoka alikuwa amekata shauri. Alimwambia mkuu wa maabara kwamba kipimo kile kitahakikiwa, kwamba yeye ndiye atakayekihakiki, na kwamba kama hakuna meza atatumia ya kwake.

Kuhakiki kipimo ni kazi isiyo na sifa. Aliyekibuni anapigiwa makofi. Wewe unatafuta pale kinapodanganya. Unachukua majani mengi, mengine unayatia bakteria kwa makusudi, mengine unayaacha safi, kisha kila jani unalipima kwa njia mbili, ile mpya ya haraka na ile ya zamani ya kungoja. Zikikubaliana, vizuri. Zikitofautiana, njia ya zamani ndiyo hakimu. Mkemia ndiye aliyeficha kwa namba majani yapi yana nini, ili Bi Subiri anaposoma asijue. Alilitaka hilo yeye mwenyewe, kwa sababu jicho linaona linachokitamani, na yeye alitamani sana.

Bakteria wa kutumia alimtoa kwenye friza kubwa, kule wanakohifadhiwa wote waliowahi kukamatwa. Angeweza kuchagua yeyote. Alimchagua yule wa saladi ya mwanawe. Akamwamsha, akampa supu yake bora, akamlea kwa ufundi wake wote mpaka akanona. Alipoulizwa na mkemia kama haimsumbui kumlisha kiumbe yule kwa mikono yake, alisema inamsumbua sana, ndiyo maana anataka kuijua kila tabia yake.

Majani aliyapata kwa mkulima mwenye bustani ndogo nyuma ya maabara. Aliyanunua asubuhi yakiwa bado na umande, saladi na spinachi na giligilani, akayapaka bakteria wake, akayapima hapo hapo. Mizigo halisi ya soko nayo waliijaribu, lakini bahati njema ya walaji ilikuwa bahati mbaya ya utafiti, maana yote ilitoka safi kwa njia zote mbili. Mibaya ilibidi itengenezwe.

Kijikaratasi kikafanya maajabu. Wiki baada ya wiki, palipokuwa na bakteria kilisema miwili, palipokuwa safi kilisema mmoja, na visahani vya zamani vikaja nyuma yake taratibu kama shahidi aliyechelewa na kusema ndiyo, ni kweli. Ni giligilani peke yake iliyowasumbua, kwa sababu majimaji yake ya kijani yalipaka rangi karatasi na kuuficha mstari wa pili. Mkuu wa maabara, ambaye si mtu mbaya ila ana ugonjwa wa kutangaza mambo, akaita kamati ya soko na viongozi wa wauzaji, akapanga siku, akaagiza hata vinywaji. Mkemia alikata nywele. Bi Subiri nyumbani alianza kuimba akipika, mpaka binti yake akamuuliza kuna nini.

Ilibaki seti ya mwisho, ndogo, ya kukamilishia. Na asubuhi ile mkulima wa bustani akawa hana kitu. Konokono walikuwa wamemaliza spinachi yake. Bi Subiri akafunga safari mwenyewe mpaka soko kuu, mahali ambapo sampuli zake zilikuwa zinatoka miaka yote hiyo na ambapo hakuwa na sababu ya kwenda, kwa kuwa dereva alimletea kila kitu mezani.

Wifi yake alimpokea kwa heshima nyingi kupita kiasi. Alipoambiwa inatakiwa spinachi, alimpeleka nyuma, kwenye chumba cha baridi, akamfungulia mlango mzito. Mle ndani pumzi ilionekana. Makreti yalipangwa mpaka juu, na wifi, kwa kuwa alikuwa anatafuta cha kusema, alieleza kwamba mzigo huu ulioshwa kwa maji ya dawa kule shambani, ukalala kwenye baridi ya kule, ukasafiri na gari la baridi, na hapa una siku zake. Bi Subiri alitia mkono kwenye kreti. Majani yalikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole.

Alisimama pale na mkono ndani ya kreti kwa muda ambao wifi aliona si wa kawaida.

"Wifi, kuna ubaya?" akauliza wifi.

"Sijui bado," akasema Bi Subiri. "Nipe na saladi kidogo."

Njiani alikuwa anajisemea moyoni kama mwendawazimu. Bakteria wake walikuwa wameshiba. Walitoka kwenye supu ya vuguvugu wakaingia kwenye jani la asubuhi, na kutoka jani la asubuhi wakaingia tena kwenye supu, hata njaa hawakuijua. Wa sokoni walikuwa wameoshwa kwa dawa, wamepigwa baridi, wamekaa na njaa kutwa kucha, wengine nusu wafu. Mtu wa namna hiyo ukimtia kwenye supu asubuhi hataamka mchana akaanza kuzaa. Atahitaji kwanza kupata fahamu. Njia ya zamani ilimpa usiku mzima. Kijikaratasi kilimpa mpaka saa ya chakula cha mchana.

Alipaka majani bakteria yule yule, lakini safari hii akampitisha kwenye maji ya dawa na kumlaza kwenye baridi kwanza, kama mzigo wa soko. Hakumwambia mtu. Siku ya kupima aliyatia kwenye supu asubuhi, mchana akachovya kijikaratasi, akangoja. Mstari mmoja. Akachovya kingine. Mmoja. Karibu vyote vilimwambia salama, kwa uso mkavu kabisa. Na visahani vya zamani vilipokomaa vilikuwa vimejaa vidoa ukingo hadi ukingo.

Bi Subiri alikaa kitako sakafuni, katikati ya chumba, na koti lake jeupe. Kipimo alichokipigania kwa ajili ya saladi ile, kingeiona saladi ile na kuipitisha. Angeisoma karatasi mwenyewe, mstari mmoja, na angekwenda nyumbani kumpa mtoto majani bila hata kuyaosha mara ya pili. Na kosa halikuwa la karatasi peke yake. Ulikuwa ule mkono wake unaosifiwa, mkono wa kulea, uliomtayarishia kijikaratasi mtihani mwepesi.

Hakuna aliyekuwa ameona. Utaratibu uliosainiwa na wakubwa haukutaka majani ya baridi. Angevitupa vile visahani kwenye mtungi wa kuchemshia taka za maabara, angenyanyuka, na wiki ijayo angepigiwa makofi. Nasema hivi kwa sababu yeye mwenyewe alinieleza kwamba alilifikiria, na kwamba alilifikiria kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukumbuka. Kisha akaenda jengo la pili akiwa amebeba visahani kwenye sinia.

Mkemia alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Alisema utaratibu ulifuatwa neno kwa neno. Alisema kila kipimo duniani kina mipaka yake. Alisema mambo mengine ambayo kesho yake aliyaombea radhi. Mkuu wa maabara naye hakukasirika, na hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi, kwa sababu alikuwa na suluhisho tayari: tuwasilishe kilichokubaliwa, na haya ya baridi tuyataje mwishoni kama kazi ya baadaye. Akamsogezea karatasi ya sahihi.

"Mimi siweki sahihi, mkuu," akasema Bi Subiri.

"Umesubiri wewe zaidi ya mtu yeyote. Unataka kukiua mwenyewe?"

"Sitaki kukiua. Kikisema salama, kuna mtu atakiamini na kumpa mtoto wake. Mimi ningekiamini."

Mkuu alimtazama, akairudisha karatasi kwenye droo. Siku ya kamati ikasogezwa mbele, na kila aliyekuwa amealikwa akaambiwa, ebo, asubiri.

Basi akajifunga kibwebwe. Kazi yote ikaanza upya kuanzia jani la kwanza, na safari hii Bi Subiri aliyekuwa bingwa wa kulea akawa bingwa wa kunyima. Aliwaosha bakteria kwa dawa, akawalaza njaa, akawapiga baridi, akawapa majani ya chumba cha baridi. Kila asubuhi alifungua friji na kuwatazama wanavyodhoofika, na anakiri kwamba ilimwendea kinyume na mazoea, kama mpishi aliyeagizwa kuunguza. Walijaribu kuongeza saa za supu. Mpaka alasiri, haikutosha. Mpaka jioni, wengine wakaonekana na wengine wakapotea. Walipowaacha mpaka kesho yake asubuhi, mstari wa pili ukatoka, mwekundu, usio na ubishi. Mkemia, ambaye sasa alikuwa anakuja kabla ya wote na kuosha mirija bila kuombwa, alipouona alisema kwa sauti ndogo kwamba kipimo cha kesho yake si kipimo cha siku hiyo hiyo.

Alikuwa amesema kweli, na uzito wa jambo lenyewe ulikuwa hapo. Soko likiwa zuri, mzigo wa mboga unaingia asubuhi na unauzwa kabla ya jua kuzama. Kungoja jibu la kesho maana yake ni mboga ilale usiku mzima bila kuuzwa, isinyae, ishuke bei, na wauzaji wale hawakuwa watu wa kuambiwa wapoteze usiku. Bila wao kukubali, kijikaratasi kingebaki kwenye droo. Na msemaji wao alikuwa wifi.

Nyumbani binti alikuwa na wiki mbaya, amevimba uso, amekosa shule. Alimkuta mama yake mezani na mafungu ya matokeo.

"Mama, hicho kitu chenu hakijaisha tu?"

"Bado. Kilikuwa kinasema uongo."

"Sasa hakisemi?"

"Sasa kinachelewa kidogo, lakini hakisemi."

Binti akafikiri, akasema heri hivyo, akaenda kulala. Bi Subiri aliendelea kuhesabu mistari.

Siku ya kamati ilipofika, ukumbi ulijaa. Viongozi wa soko mbele, wauzaji nyuma na makoti yao ya baridi, mkuu wa maabara akitoa jasho. Bi Subiri hakuanza na yale yaliyofaulu. Alianza na yale majani yaliyokifanya kijikaratasi kidanganye, akaeleza yeye na wenzake walivyokosea na kwa nini, akalitaja kosa la kulea bakteria kuwa lake. Kisha akaeleza kipimo kipya kinavyofanya kazi, kwamba kwa giligilani hakifai hata kidogo na isipimwe nacho, na kwamba kwa saladi na spinachi jibu litatoka kesho yake asubuhi, na mzigo usiuzwe kabla.

Minong'ono ilianzia nyuma ikaja mbele kama maji. Mmoja akauliza hasara ya usiku ataibeba nani. Mwingine akasema mboga si nguo za kutundika. Bi Subiri alijibu kila swali, hakupandisha sauti, hakurudi nyuma hata hatua. Baridi ya chumba cha kuhifadhia inatosha kuzishikilia mboga kwa usiku mmoja, alisema, na wao wanajua kuliko yeye kwamba wanazishikilia usiku zaidi ya mmoja soko likiwa baya. Hilo halikuwafurahisha, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Ndipo mwenyekiti wao akasimama, na wauzaji wakatulia wakijua sasa mdomo wao umepata nafasi. Wifi alishika mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Mtaalamu," akaanza, akaacha. "Wifi. Nina swali moja. Ile karatasi ya kwanza, ya jibu la siku hiyo hiyo. Ile saladi niliyokuletea nyumbani, ingeikamata?"

Watu wakageukiana. Hawakujua ni saladi gani. Mkuu wa maabara alifungua mdomo kuokoa jahazi, mkemia akamgusa mkono.

"Isingeikamata," akasema Bi Subiri. "Ingesema salama. Nimempima bakteria yule yule, wifi."

"Na hii ya kulala?"

"Kwenye saladi haijamkosa hata mara moja."

Wifi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akilijua jibu ila alitaka kulisikia kwa masikio yake. Kisha akawageukia wauzaji wake, na ile sauti ya sokoni, inayosikika mpaka kwenye malori, hakuitumia.

"Mtoto wa kaka yangu ana figo mbovu," akasema. "Ni mimi niliyempelekea. Kwa mkono huu. Nilimwambia, kula mama, ujenge mwili." Akauachia mgongo wa kiti. "Mzigo wangu utalala. Anayetaka kuuza kabla ya jibu atafute mwenyekiti mwingine."

Akakaa. Kiongozi wa kamati aliuliza kama kuna mwingine mwenye neno, akatazama safu zote za nyuma, na hakuna aliyenyoosha mkono. Bi Subiri aliacha karatasi zake pale mezani bila kuzipanga, akapita katikati ya viti, akaenda kukaa karibu na wifi yake.